Jina la Kuchekesha Lahitaji Mashahidi

Mtoto akizaliwa kisiwani Chovae, kabla kitovu hakijadondoka watu wameshaanza kubishana juu ya jina. Shangazi ana lake, babu ana lake, na baba aliyeko baharini ameacha agizo kwa mtu asiyesikia vizuri. Hapo ndipo yanapotokea majina ambayo miaka thelathini baadaye humfanya karani wa uwanja wa ndege avue miwani, aifute, aangalie karatasi mara ya pili.

Makala hii ni ya ndugu zangu Wabajuni wa visiwani, kuanzia Koyama na Ngumi mpaka Chovae na Chula, ya walioko Kismayo, na ya wale ambao vita vya Somalia vya 1991 viliwatoa kwa mashua wakaishia Mombasa, Malindi, London au Minneapolis. Sikuja kuyapiga vita majina ya ajabu. Nayapenda. Darasa la watoto arobaini ambamo wote ni Mohamed, Ahmed na Fatma humchosha mwalimu na hata malaika wa kuandika. Ila nina neno moja la kusema juu ya majina haya: jina la kuchekesha huishi kwa kisa chake, na kisa huishi kwa watu wanaokijua. Kisiwani watu hao wapo. Kila mtu anajua kwa nini fulani anaitwa Vita na dada yake Sikujua, na anayecheka hucheka pamoja nao. Mpeleke mtoto huyo mahali ambapo kisa hakijulikani, atabaki na neno tupu na hana wa kumsemea. Kwa hiyo mzazi, kabla hujauliza kama jina ni zuri, uliza mashahidi wake ni nani, na watakuwepo kwa muda gani.

Yapo majina yasiyo na ugomvi, nayo ni yale yanayofuata kalenda. Juma, Khamisi, Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Idi, Mwanaidi, Maulidi. Chausiku alizaliwa usiku, Masika alikuja na mvua, Tatu ni wa tatu. Tanzania bara mapacha ni Kulwa na Doto, kwetu ni Hassan na Hussein, na Msomali wa Kismayo atakuongezea Mataan. Hata waliowahi kuwa mawaziri wamo: January Makamba wa Tanzania alizaliwa tarehe 28 Januari 1974, na hakuna aliyewahi kuhitaji maelezo zaidi. Shahidi wa majina haya ni mwezi na siku, na mwezi hauhami kijiji.

Hapa ushauri wangu ni mmoja tu, nao unawahusu zaidi waliopita kambini. Wakimbizi wengi ambao tarehe zao hazikujulikana waliandikiwa 1 Januari. Sasa mtu anaitwa Ramadhani, anaeleza kwa fahari kuwa aliitwa hivyo kwa sababu ya mwezi aliozaliwa, na kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1985. Mwaka huo mfungo uliangukia Mei na Juni. Afisa mwenye kalenda na muda wa kupoteza anaweza kukuuliza, na utaonekana muongo kwa jina lako mwenyewe. Kama jina la mtoto linabeba tarehe, hakikisha tarehe ya kwenye cheti inakubaliana nalo.

Majina ya matukio ni jirani wa majina ya kalenda, lakini haya yana hatari kidogo, kwa sababu matukio mengine huchuja. Julius Nyerere alipozaliwa mvua ilikuwa ikinyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Yoweri Museveni alipata jina lake kutokana na askari wa kikosi cha 7 cha jeshi la wakoloni, King's African Rifles, waliotumikia katika Vita vya Pili vya Dunia. Yaani rais wa Uganda amebeba namba ya kikosi. Jina hilo limedumu kwa sababu aliyelibeba alilipa kisa kingine kikubwa zaidi. Wengine hawabahatiki hivyo. Mwaka 2008, usiku wa ushindi wa Barack Obama, hospitali za Kisumu zilijaa watoto wa jina hilo, na alipokuja Kenya Julai 2015 hata ndege yake, Air Force One, ilipata somo yake. Ujerumani nako, katika miaka ya wimbi la wakimbizi, wapo watoto walioitwa Angela Merkel, jina kamili, la kwanza na la pili.

Jina la mwanasiasa ni deni ambalo mtoto hakulikopa. Raila Odinga alimwita mwanawe Fidel, kwa kumpenda Castro, na Patrick Lumumba, mwanasheria maarufu wa Nairobi aliyezaliwa 1962, amebeba jina la Patrice Lumumba wa Kongo aliyeuawa mwaka uliotangulia. Huyu wa pili ametulia, maana mwenye jina alikwisha kuingia kwenye historia na hawezi tena kumuaibisha mtu. Kwa hiyo kama lazima umwite mtoto kwa jina la mkubwa, chagua aliyekufa. Aliye hai anaweza kesho kuiba, kukimbia, au kuhamia chama ambacho babu yako hakitaki. Ukibisha, waulize wazee wa Kismayo ni wakubwa wangapi wa silaha wameukamata na kuupoteza mji huo tangu 1991, kisha piga hesabu ni watoto wangapi wangelazimika kubadili majina.

Mvua na pepo hazina chama. Mtoto aliyezaliwa kusi limepamba, mashua zote zimevutwa pwani na hakuna wa kwenda kuita mkunga ng'ambo, mwite kwa jambo hilo na atakuwa na kisa cha kueleza maisha yake yote.

Kundi linalonichekesha kuliko yote ndilo ninaloliogopa. Ni majina anayoitwa mtoto huku anayekusudiwa ni jirani. Pwani nzima utawakuta akina Siwatu, Siwazuri, Sikudhani, Sikitu, Mashaka, Tabu, Shida, Masumbuko. Mama aliyemwita bintiye Siwazuri hamsemi binti. Anawasema mawifi. Kila magharibi akimwita mtoto aje kuoga, ukuta wa pili wanasikia: Siwazuri! We Siwazuri! Hakuna mzee wa mtaa awezaye kumshitaki mwanamke kwa kosa la kumwita mwanawe. Mtoto wa namna hiyo ni leso yenye miguu, na jina lake ndiyo maandishi.

Lakini leso huchakaa, ikatandikwa kitandani, mwisho ikawa ya kufutia vumbi. Jina halichakai. Mawifi wanapatana, wanapikiana wali, wanaoleana watoto, na binti anaendelea kutangaza ugomvi ambao wenyewe wameusahau. Akifika miaka kumi na miwili atauliza, "Mama, nani si wazuri?" na mama atalazimika kudanganya au kuufufua ugomvi. Ushauri wangu hapa ni wa moja kwa moja: ukiwa na neno la kumwambia jirani, nenda dukani ukanunue leso yenye neno hilo, ujifunge, upite mbele ya mlango wake mara tatu. Ni rahisi kuliko kubadili cheti, na inakupendeza.

Walioitwa Shida na Tabu nawatetea kidogo. Mara nyingi jina hilo halikumsema mtu; lilisema mwaka. Tena nimeona kuwa wenye majina haya huwa na ulimi mwepesi, kwa sababu wamejibu swali moja tangu utotoni mpaka wamepata majibu ya kila aina. Hata hivyo usimpe mtoto mmoja Shida na nduguye Bahati. Watoto hupima.

Kisha yapo majina mabaya yaliyotolewa kwa mapenzi, na haya nawaomba wasomaji wasiyacheke haraka. Zamani mama akizika watoto wawili watatu mfululizo, anayefuata hupewa jina ambalo hakuna wa kulitamani, ili kijicho kisimwone na kifo kimpite kikidhani nyumba hii haina cha kuchukua. Mtumwa ni mojawapo ya majina yaliyotumika hivyo. Msikilizaji wa taarabu anajua kisa cha aliyelibeba jina hilo kwa umaarufu kuliko wote: mtoto aliyezaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa binti Saad, akauza vyungu, akajifunza kuimba, akaingia mjini, na mji ukamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na alipofariki mwaka 1950 alikuwa Siti binti Saad kwa watu wote. Shaaban Robert aliandika wasifu wake kwa jina hilo. Aliyemfuata kwa sifa, Fatuma binti Baraka, alizaliwa mdogo wa umbo akaitwa Kidude, naye hakulitupa jina hilo. Alilipandisha majukwaani Ulaya na Japani mpaka alipofariki Aprili 2013. Mmoja alibadilishiwa jina na waliomsikia, mwingine alilibadilisha maana. Wote wawili walikuwa na mji mzima wa kuwashuhudia, jambo ambalo mwanao aliyeko shule ya msingi ya Birmingham hana.

Kwa hiyo kama bibi anasisitiza mtoto apewe jina la kinga, kubali kwa heshima, maana yeye anakumbuka makaburi ambayo wewe huyajui. Litumieni ndani ya nyumba. Kwenye cheti weka jina jingine, na mpeleke mtoto akachanjwe surua na kifaduro. Sina ugomvi na jina la kinga, ila lisiachiwe kazi ya kliniki.

Jambo ambalo wageni hawalielewi kabisa ni majina ya somo. Mtoto hupewa jina la babu mzaa baba, nayo ni heshima kubwa. Ila mama yake haoni vizuri kulitamka jina la mkwewe ovyo, sembuse kumkemea nalo mtoto aliyemwaga uji. Basi humwita Mzee, Baba, au Kibwana. Na wa kike huitwa Bibi au Mama. Ndiyo maana utamkuta Mzee wa miaka miwili, kamasi zinamtoka, akiburutwa sikio na dada yake Bibi wa miaka minne. Wenyeji hawageuki hata kutazama.

Tabu huanza siku ya kuandikisha. Karani anauliza jina la mtoto, mama anaona haya kulitamka la mkwe, anasema "Mzee", na karani anaandika alichosikia. Hapo serikali imeshampata raia anayeitwa Mzee, na babu aliyeheshimiwa hayumo popote kwenye karatasi. Dawa yake ni ndogo: siku ya kuandikisha, aende baba au shangazi mtu, yule asiyezuiwa na adabu kulitamka jina. Kama hawapo, mama aende na jina limeandikwa kwenye kikaratasi, amkabidhi karani bila kusema neno. Heshima imebaki na cheti kimetengenea.

Nikija Kismayo, siwezi kuziruka lakabu. Wasomali wamezifanya kuwa fani, na sababu yake ni hesabu tu: majina ya dini ni machache, watu ni wengi, na mtu akiitwa Mohamed Ali Abdi huenda mtaa wake una watano. Basi humtofautisha kwa umbo lake, kilema chake au mapenzi yake, bila kupepesa macho. Aliye mrefu ni Dheere. Ahmed Mohamed Islam, anayeiongoza Jubaland kutoka Kismayo tangu 2013, anajulikana zaidi kwa Madobe, mweusi. Siad Barre aliitwa Afweyne, mdomo mkubwa, na Abdullahi Yusuf, aliyepata kuwa rais, aliitwa Yey, mbwa mwitu. Mohamed Abdullahi Mohamed, rais kuanzia 2017 hadi 2022, ulimwengu unamjua kwa Farmaajo, neno la Kitaliano la jibini, na alirithi lakabu hiyo kwa baba yake aliyependa kula jibini. Nasema tena: mzee mmoja alipenda jibini, na mapenzi hayo yakafika ikulu.

Sisi Wabajuni tunajidai wapole kuliko wao, lakini kisiwa chenye akina Shee kumi na akina Lali saba hakiendeshwi bila lakabu. Mzazi hawezi kuizuia. Lakabu hupewa na watoto wa mtaani, na anayelia ndiye anayeng'ang'aniwa nayo. Kilicho mikononi mwako ni kuhakikisha haiingii kwenye karatasi kwa bahati mbaya. Na kama imeshamganda kiasi kwamba hakuna amjuaye kwa jina jingine, basi iingie waziwazi: fomu nyingi zina nafasi ya jina jingine unalojulikana nalo, ijazwe. Hili si dogo kwa watu wetu. Mbajuni anayeomba hifadhi Uingereza huulizwa visiwa, vijiji, koo na lugha; mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la huko lilitoa uamuzi mahususi kuhusu Wabajuni na suala la kujua Kibajuni. Katika mahojiano ya namna hiyo shahidi akija kusema "namjua, tulikuwa tukimwita Kijino", na mwombaji hakuwahi kuandika popote kwamba ndiye Kijino, ushuhuda mzuri unapotea bure. Andika lakabu yako mapema, hata kama inakuaibisha. Afisa amesikia makubwa zaidi.

Sasa jambo ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kulifikiria: jina likivuka bahari linasikika vingine. Shee ni jina la mwanamume, la heshima, limejaa kutoka Lamu mpaka Kismayo. Mweke mvulana huyo darasani Uingereza, mahali ambapo sauti hiyohiyo humaanisha yeye wa kike, na atakuwa amepewa kesi kila asubuhi wakati wa kuitwa majina. Fatuma, jina la binti ya Mtume, hukatwa na watoto wa Kiingereza wakabakisha silabi ya kwanza, ambayo kwao ni mnene. Siwaambii muache majina haya. Hilo lingekuwa aibu kwetu. Nasema ongezeni la pili litakalomsaidia mtoto: Shee Athmani aweze kujiita Athmani akitaka, Fatuma awe Fatuma Zahra na walimu waambiwe mapema wamwite Zahra. Kabla hamjaamua, litamkeni jina kwa sauti katika lugha tatu ambazo mtoto ataishi nazo. Mpeni kijana wa miaka kumi na mitatu alisikilize. Yeye ndiye mtaalamu wa matusi, ataigundua kasoro kabla hujamaliza kulitamka.

Jihadharini pia na majina yanayokatika. Mwana Isha, Mwana Halima na Mwana Tumu, wakiandikwa kwa maneno mawili mawili, kompyuta ya ughaibuni itachukua neno la kwanza kuwa jina na la pili kulitupa katikati. Matokeo yake nyumba moja ina mabinti watatu, na barua zote za hospitali zimeandikwa Mwana. Andika kwa neno moja: Mwanaisha, Mwanahalima, Mwanatumu. Vivyo hivyo kwa Abdul. Abdulrahman likikatwa linabaki Abdul, ambalo ni "mja wa" bila kusema wa nani, na shekhe akisikia atakunja uso. Liunganishe tangu cheti cha kwanza.

Na tahajia! Tangu 1972 Kisomali kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, lakini kwa mpango wake: Hassan ni Xasan, Ali ni Cali, Abdi ni Cabdi, Mohamed ni Maxamed. Mtu mmoja, hati moja ya Kismayo, nyingine ya Mombasa. Karani wa Mombasa akilisoma Cali analisoma Kali, na tangu siku hiyo Ali mpole anaitwa Kali. Chovae yenyewe imeandikwa Chovai, na ramani za zamani zina Tovai, kwa hiyo hata kisiwa hakikusalimika. Chagueni tahajia moja, iandikeni kwenye kikaratasi, kikaratasi kipigwe picha na simu, na kila mmoja wa familia awe nayo. Somalia ilianza kutoa vitambulisho vya taifa mwaka 2023. Wanaojiandikisha sasa wana nafasi ya kulinganisha majina kabla hati hazijawa nyingi.

Mpangilio wetu wa majina matatu nao unaleta vichekesho vyake. Athmani Shee Lali ana binti, Mwanaisha Athmani Shee. Ughaibuni neno la mwisho huhesabiwa kuwa jina la ukoo, basi baba ni wa ukoo wa Lali, binti ni wa ukoo wa Shee, na mama, ambaye kwetu habadilishi jina akiolewa, ana la babu yake mwingine kabisa. Familia moja mbele ya dirisha la uhamiaji, koo tatu. Safirini na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vile vyenye majina ya wazazi wote wawili. Anayezaa ng'ambo achague jina moja la babu liwe la ukoo kwa watoto wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, na asibadili shauri katikati. Na mwenye jina moja tu kwenye pasipoti ajue kuwa viza ya Marekani humwandikia FNU mahali pa jina la kwanza, herufi tatu za Kiingereza za kusema jina halijulikani. Wapo watu wazima Marekani wanaoitwa Fnu na majirani zao, wakiamini ni jina la Kiafrika.

Kuhusu muda: Kenya kizazi kinatakiwa kiandikishwe ndani ya miezi 6, na England ndani ya siku 42. Hizo siku 42 zinakaribiana sana na arubaini yetu, kwa hiyo hakuna haja ya kukurupuka siku ya pili mama akiwa bado na maumivu na baba ana furaha isiyo na breki. Subirini akika siku ya saba, wazee waseme, mcheke yote ya kuchekwa, kisha mwende ofisini vichwa vimepoa.

Watakaosema kuwa dini imeruhusu jina lolote wasome tena. Mtume, rehema na amani zimshukie, alibadilisha majina ya watu wazima. Binti mmoja aliitwa kwa neno la Kiarabu lenye maana ya mwasi, akamwita Jamila. (Akina Asia msiwe na wasiwasi, lenu ni la mke wa Firauni, mwanamke mwema, tofauti iko kwenye herufi za Kiarabu.) Kisa kinachonivutia zaidi kimo katika Bukhari. Mtu aliyeitwa Hazn, ugumu, alishauriwa ajiite Sahl, wepesi. Akakataa: sibadilishi jina alilonipa baba yangu. Mjukuu wake, Said bin Musayyab, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alisimulia kwamba ugumu ule haukuondoka katika familia yao baada ya hapo. Mnaona kuwa hata aliyekataa hakulazimishwa. Alishauriwa, akaachiwa jina lake na matokeo yake.

Mahakama za sasa hazina subira hiyo. New Zealand, mwaka 2008, jaji alimweka binti wa miaka tisa chini ya ulinzi wa mahakama ili abadilishiwe jina, maana wazazi walimwita sentensi nzima: Talula Does The Hula From Hawaii, yaani Talula anacheza ngoma ya Hawaii. Mtoto mwenyewe alikuwa akiwaficha rafiki zake jina hilo. Uingereza, mwaka 2016, Mahakama ya Rufani ilimkataza mama wa Wales kumwita bintiye kwa jina la sumu ya sianidi; yeye aliliona zuri, na alitoa hoja kwamba sumu hiyo ndiyo iliyommaliza Hitler. Ukisikia hayo, Siwazuri anaonekana mtoto wa maimamu.

Nikirudi kwa mashahidi niliowataja mwanzo, nao wanatafutwa. Siku ya kumpa mtoto jina, mtu mmoja arekodi kwa simu sauti ya anayelitoa, bibi au babu, aeleze kwa Kibajuni kwa nini amelichagua, nani alikuwa nalo kabla, na kulikuwa na nini siku hiyo. Dakika mbili zinatosha. Ihifadhini kwa watu wawili, mmoja aliyeko pwani na mmoja aliyeko ng'ambo, kwani simu hupotea baharini kila siku. Mtoto akianza shule, mpeni kisa kwa sentensi moja katika lugha ya shule, aikariri kabla hajaulizwa. Anayejibu haraka hataniwi mara mbili.

Ama wewe uliyekwisha kupewa jina na hulitaki, ukiwa Uingereza unaweza kulibadili mwenyewe kwa hati ya kubadili jina kuanzia umri wa miaka 16, na Kenya hati ya namna hiyo hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Ukiwa mzazi unayetaka kumbadilishia mtoto anayeliitikia tayari, muulize yeye kwanza, na ukubali akisema hataki. Akikubali, badilisha kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa kumaliza shule. Cheti cha mtihani kikishachapishwa na jina la zamani, utazunguka maofisini mpaka mtoto mwenyewe apate mtoto.